Kilichomo Ndani ya Boksi: Vidhibiti Vitano vya Mwendo Mezani Kwangu

Mezani kwangu vipo vifaa vitano vya kuchezea magemu ya runinga kwa mwendo wa mkono au mwili: fimbo nyeupe ya Wii ya Nintendo, kidhibiti cha Sixaxis cha PlayStation 3 ya Sony, fimbo ya PlayStation Move yenye mpira unaowaka kichwani, kamera ya Kinect ya Xbox 360 ya Microsoft, na jozi ya Joy-Con za Nintendo Switch. Nilivikusanya kimoja kimoja, karibu vyote vikiwa vimeshatumika, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikivicheza jioni pamoja na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Mama ana miaka 68 na hajawahi kuwa mtu wa magemu. Mdogo wangu ni mtu wa magemu ya kulenga shabaha, wa kukesha hadi alfajiri. Mimi niko katikati yao: navipenda vitu hivi tangu utotoni, na nimevifungua vya kutosha kujua kila kimoja kinaficha nini tumboni.

Nilikuwa na swali moja lililonisumbua miaka mingi. Fimbo nyeupe ya Wii kwa vipimo ndiyo dhaifu kuliko karibu zote hizi. Imekuwaje ikawashinda wenzake waliokuja baadaye wakiwa na macho makali zaidi? Nilidhani jibu ningelipata kwa bisibisi. Nililipata nilipoanza kuuliza kila kifaa kiliuzwaje: kilikuja pamoja na konsoli, yaani mashine yenyewe ya magemu, au ulikinunua kando?

Nianze na fimbo yenyewe, maana ndiyo iliyowasha moto. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, aliionyesha hadharani katika maonyesho ya Tokyo Game Show mwezi Septemba 2005, na konsoli ikaingia sokoni Novemba 2006. Nintendo ilikuwa imebanwa wakati huo. GameCube, konsoli yake iliyotangulia, iliishia kuuza milioni 21.7 hivi, ilhali PlayStation 2 ya Sony ilikuja kuvuka milioni 150. Badala ya kuchuana na Sony na Microsoft kwa ubora wa picha, Nintendo ikaenda kumtafuta mtu ambaye hajawahi kucheza kabisa.

Ndani ya fimbo mna akselerometa, kipande kidogo cha silikoni kinachopima jinsi mwendo wa mkono unavyobadilika katika pande tatu. Kichwani mna kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi. Ule upau mwembamba unaowekwa juu au chini ya runinga, ambao watu wengi huuita kihisi, hauhisi chochote. Una taa za infraredi huku na huku, na waya wake unapeleka umeme tu. Kamera ya kwenye fimbo ndiyo inayoziona taa hizo na kukokotoa unaelekeza wapi. Ndiyo maana mishumaa miwili iliyowashwa inaweza kushika nafasi ya upau. Nimejaribu, na mshale ukatembea kwenye skrini vizuri kabisa.

Udhaifu wake ni huu: akselerometa peke yake haijui mkono wako uko wapi angani. Inajua fimbo imetikiswa, imetikiswa kwa nguvu kiasi gani, na ikiwa imetulia inajua imeinama vipi. Basi. Ukicheza tenisi ya Wii Sports umeketi, ukizungusha kiganja tu, mpira utakwenda sawa na wa yule aliyesimama akarusha mkono mzima. Mdogo wangu aligundua hilo dakika ya pili, na kwake ule ulikuwa udanganyifu. Kwangu mimi huo ndio ufundi. Waliobuni gemu hilo walijua kifaa chao kinaona kidogo, wakatunga mchezo unaoomba kidogo. Katika tenisi yao wewe hukimbii. Kikatuni kinakimbia chenyewe mpaka kwenye mpira. Kazi yako ni kupiga kwa wakati wake.

Mama alianza na bolingi, ule mchezo wa kubingirisha tufe na kuangusha pini. Nikamwambia, "Mama, bana kitufe hiki cha nyuma, vuta mkono nyuma, urushe, halafu kiachie pale ambapo ungeliachia tufe." Akauliza, "Hivyo tu?" Hivyo tu. Tufe la kwanza likaingia mfereji. La pili likaangusha pini sita. Zamani kila nilipompa kidhibiti cha kawaida alikuwa akikigeuza mara mbili, anaangalia vile vitufe, kisha ananirudishia: "Shika mwanangu, hivi ni vyenu." Fimbo nyeupe hakunirudishia.

Sasa twende kwenye biashara, kwa sababu hapo ndipo ushindani ulipoamuliwa. Fimbo ile ilikuwa ndani ya kila boksi la Wii, kila mahali ilipouzwa. Katika nchi nyingi nje ya Japani, diski ya Wii Sports nayo ilikuwa humohumo. Fikiria maana yake kwa mtu anayebuni gemu. Hana haja ya kujiuliza wangapi wana kifaa cha mwendo, kwa sababu kila mwenye Wii anacho. Anaweza kujenga gemu zima juu ya mkono wa mchezaji bila kuogopa kwamba nusu ya wateja wake watabaki nje. Wii iliuza milioni 101.63, na Wii Sports milioni 82.9. Mario Kart Wii ya mwaka 2008, iliyopita milioni 37, ilikuja na usukani mweupe ambao ndani hauna waya, hauna betri, hauna lolote. Ni plastiki ya kuipachika fimbo. Akili yote ilikuwa tayari mkononi mwa mteja tangu siku aliyonunua konsoli.

Silifichi baya lake. Watu walirusha mikono kwa nguvu kuliko Nintendo ilivyotarajia, na Desemba 2006 kampuni ikalazimika kujitolea kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2, kisha mwaka uliofuata ikaanza kugawa vifuko vya mpira vya kuivika fimbo. Picha za Wii ziliishia mistari 480 wakati wapinzani walikuwa wameshavuka hapo, kwa hiyo magemu makubwa ya Xbox 360 na PlayStation 3 yalikuwa magumu kuhamishiwa kwake. Na kuna kosa lililofanywa na wengi waliotunga magemu ya Wii ambalo hadi leo linaniudhi: kutikisa fimbo pale ambapo kubonyeza kitufe kungetosha. Unataka kufungua sanduku, tikisa. Unataka kuruka, tikisa. Mwendo usio na maana ni uchovu mtupu, na mchezaji anaujua siku hiyohiyo hata kama hana maneno ya kuueleza.

Jambo lingine linaonyesha kwamba hata Nintendo haikujikinga na kosa la wapinzani wake. Juni 2009 ilitoa MotionPlus, kijisanduku cha kuchomeka chini ya fimbo chenye jairoskopu, yaani kipimo cha mzunguko. Jairoskopu na akselerometa zikikaa pamoja, fimbo inaujua mkono wako kwa namna ambayo hapo mwanzo haikuweza. Mchezo wa upanga katika Wii Sports Resort, mwendelezo wa Wii Sports, ni ushahidi: ukiinamisha kiganja polepole, upanga nao unainama polepole, ukikinga kwa mlalo, pigo la wima linagonga na kurudi. Mimi na mdogo wangu tulipigana raundi baada ya raundi mpaka mama akatuambia tumwachie na yeye runinga yake. Kifaa ni bora mno. Lakini hakikuwemo kwenye boksi la mwaka 2006. Mamilioni ya watu walikuwa na Wii bila MotionPlus, na magemu yaliyothubutu kukidai yalibaki ya kuhesabika. The Legend of Zelda: Skyward Sword, iliyokidai kwa lazima, ilitoka Novemba 2011, miaka mitano baada ya konsoli yenyewe kuzaliwa.

Ukitafuta fimbo hiyo leo, angalia maandishi yaliyo chini kabisa, karibu na jina la Wii. Ile yenye jairoskopu ndani imeandikwa hivyo wazi kwenye plastiki. Mimi nilinunua ya kuigiza, ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, na boksi lake liliahidi jairoskopu. Wii Sports Resort haikuitambua hata mara moja.

Kidhibiti cha Sixaxis hakitanichukua muda. Sony ilikitangaza Mei 2006, miezi kadhaa baada ya dunia kuiona fimbo ya Nintendo, na kikatoka na PlayStation 3 Novemba mwaka huohuo. Ukikishika utashangaa wepesi wake, kwa sababu mota za mtetemo hazimo. Sony ilisema wakati ule kwamba mtetemo ungevivuruga vihisi. Pia ilikuwa na kesi ya hataza na kampuni ya Immersion kuhusu teknolojia hiyohiyo ya mtetemo, kesi iliyomalizwa Machi 2007. Baadaye mwaka huo kikatoka DualShock 3 kikiwa na vyote viwili, mtetemo na mwendo, vikikaa pamoja bila ugomvi.

Kwa hoja yangu Sixaxis ni mtihani mzuri. Nacho kilikuwa ndani ya kila boksi, na bado hakikuleta mageuzi. Kwa nini? Kwa sababu hakikumpa mtu kama mama yangu mlango wowote. Umbo ni lilelile, vitufe ni vilevile, vijiti viwili vilevile vya kusukuma kwa kidole gumba, na sasa umeongezewa kazi ya kuinamisha. Gemu la Lair la mwaka 2007 liliwalazimisha wachezaji kurusha joka kwa kuinamisha kidhibiti, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata sasisho liliwaruhusu kutumia kijiti. Sony ilikiweka kihisi ndani ya boksi, lakini haikuweka ndani yake sababu ya kukitumia.

PlayStation Move ndiyo inayoniuma. Ilitoka Septemba 2010, na kwa maoni yangu ndiyo fimbo bora ya mwendo iliyotengenezwa kwa ajili ya konsoli ya kizazi kile. Ina akselerometa, ina jairoskopu, ina kipimo cha sumaku kama dira, na juu ya yote ina ule mpira. Wengi waliuona kama pambo. Kamera ya PlayStation Eye iliyo kwenye runinga inautazama mpira huo, na kwa kuwa ukubwa wake halisi unajulikana, ukionekana mdogo ina maana mkono uko mbali, ukionekana mkubwa uko karibu. Rangi inabadilika ili mpira usifanane na kitu kingine chumbani. Hesabu rahisi, nzuri, na inakupa kile ambacho fimbo ya Wii haikukipata kwa uhakika hivyo: mahali mkono ulipo, mbele na nyuma.

Cheza mpira wa meza katika gemu la Sports Champions ndipo utaelewa. Ukisogea mbele kuudokoa mpira karibu na wavu, unaudokoa kweli. Ukirudi nyuma, unapata nafasi ya kupiga kwa nguvu. Ukikata kwa chini, mpira unazunguka. Mdogo wangu, yule aliyeikejeli tenisi ya Wii, alicheza saa mbili bila kuinua macho. Halafu nenda kwenye upinde, ambapo unaweza kushika fimbo mbili, moja ya upinde na moja ya mshale unaouchomoa mgongoni. Hesabu sasa ulichonunua: kamera moja, fimbo mbili, na kwa baadhi ya magemu kidhibiti kidogo cha mkono wa kushoto. Vyote kando. Vyote kwa mtu ambaye alikuwa na PlayStation 3 yake tayari na alikuwa ameridhika nayo.

Matokeo yalionekana kwenye orodha ya magemu. Watengenezaji waliongeza Move juu ya magemu yaliyokwisha kubuniwa kwa vijiti viwili: Heavy Rain ilipata sasisho, Killzone 3 iliikubali. Ni kama kumkaribisha mgeni baada ya sahani kuoshwa. Fimbo hizo zilipata uhai wa pili Oktoba 2016, Sony ilipozitumia kwa miwani yake ya uhalisia pepe, PlayStation VR, karibu bila kuzibadilisha. Teknolojia ya miaka sita bado ilitosha kwa kazi mpya. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba kasoro haikuwa kwenye kifaa.

Microsoft ilikwenda njia yake. Juni 2009 ilitangaza mradi ulioitwa Natal, na Novemba 2010 ukatoka kwa jina la Kinect. Hakuna fimbo kabisa. Tangazo lilikuambia kwamba kidhibiti ni wewe. Teknolojia yake ya kuona kina ilitoka kwa kampuni ya PrimeSense ya Israeli: taa inamwaga nukta nyingi za infraredi zisizoonekana kwa macho chumbani, kamera inasoma jinsi nukta hizo zilivyopinda juu ya mwili wako, na programu inakisia viungo 20 vya mwili. Mara ya kwanza nilipoona mifupa yangu ya mistari ikinyanyua mkono pamoja nami, nilisimama mbele ya runinga kwa muda bila kucheza chochote, nikiinua na kushusha mikono tu. Ni kazi ya kustaajabisha, na sitaki mtu yeyote aidharau kwa sababu ya yaliyoikuta baadaye.

Dunia nayo ilistaajabu. Kinect iliuza milioni 8 katika siku zake 60 za mwanzo na kuingia katika vitabu vya Guinness kama kifaa cha kielektroniki cha wateja kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote hadi wakati huo. Kufikia Februari 2013 zilikuwa zimefika milioni 24. Kwa hiyo mtu anaweza kunipinga hapa: kiliuzwa kando, na kikauza. Ni kweli. Lakini watu walichonunua ni ule mshangao wa siku ya kwanza. Siku ya kumi, unahitaji gemu, na gemu linahitaji nafasi. Maelekezo yalitaka mita 1.8 hivi kutoka kwenye kamera kwa mchezaji mmoja, na 2.4 kwa wawili. Sebule yetu ni finyu, kwa hiyo kila jioni ya Kinect ilianza kwa kubeba meza.

Nilimwekea mama bolingi ya Kinect Sports, nikitaka kulinganisha mchezo uleule kwa vifaa viwili. Unanyoosha mkono pembeni kuchukua tufe, unavuta nyuma, unarusha. Alicheza raundi moja nzima, akapata pointi nzuri tu, kisha akanitazama. "Mbona sina nilichoshika? Nitajuaje nimeliachia?" Nimesoma mengi kuhusu Kinect, sijawahi kukuta mtu akilisema hilo kwa uwazi hivyo. Kitufe kile kimoja cha nyuma ya fimbo nyeupe ndicho kilichokuwa tufe lake. Mkono mtupu haukumpa la kuachia.

Lakini kwenye kucheza dansi, Kinect haina mpinzani. Dance Central ya Harmonix inakuona mwili mzima: mguu ukikosea inajua ni mguu. Just Dance ya Ubisoft, iliyoanzia kwenye Wii mwaka 2009, inaufuata mkono mmoja tu ulioshika fimbo. Unaweza kuketi ukapunga mkono ukapata nyota. Kwa ubora, Dance Central inaishinda kwa mbali, na ningempa mtu yeyote anayetaka kujifunza hatua kwelikweli. Ila angalia ni ipi iliyodumu. Just Dance 2020 ilitolewa kwa Wii mwishoni mwa mwaka 2019, miaka 13 baada ya konsoli hiyo kutoka, na kabla ya hapo mfululizo huo ulikuwa umeshakubali simu mkononi kama kidhibiti. Gemu linaloomba mkono mmoja tu linaweza kuhama na mteja popote aendako. Linaloomba kamera maalumu linakufa na kamera hiyo.

Na kamera hiyo ilikufa, kwa uamuzi ambao ningependa kila mtengenezaji wa konsoli aukumbuke. Novemba 2013 Microsoft ilitoa Xbox One ikiwa na Kinect mpya ndani ya kila boksi. Hatimaye! Kwa hoja yangu, hilo ndilo lilikuwa jambo sahihi: kila mnunuzi anacho, kila mbunifu anaweza kukitegemea. Lakini kule Marekani boksi hilo liligharimu dola 499 na PlayStation 4 ikauzwa dola 399, na zile 100 za juu zilikuwa bei ya kamera ambayo haikuwa na gemu hata moja la kumfanya mtu aitamani. Watu pia waliogopa kuwekewa sebuleni jicho na sikio lisilolala; mwanzoni ilitakiwa ibaki imeunganishwa ndipo konsoli ifanye kazi, sharti ambalo Microsoft ililiondoa Agosti 2013, kabla hata ya kuanza kuuza. Juni 2014 ikaanza kuuza Xbox One bila Kinect kwa dola 399, na ikawarudishia watengenezaji wa magemu nguvu ya picha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kamera. Siku hiyo Kinect ilikwisha, ingawa utengenezaji ulisimamishwa rasmi Oktoba 2017. Hakuna mbunifu mwenye akili timamu angejenga gemu juu ya kifaa ambacho mwenyewe aliyekiunda ameshakitoa kwenye boksi. Apple ilikuwa imeinunua PrimeSense mwishoni mwa 2013, na mwaka 2017 simu ya iPhone X ikaja na nukta za infraredi za kumtambua mwenye simu kwa uso. Wazo lililokosa nafasi sebuleni likapata nafasi mfukoni.

Simu ndizo zilizomnyang'anya Nintendo wateja wake pia, na hili halisemwi vya kutosha. Wale akina mama na akina baba walioletwa na Wii hawakuwa na kiapo na konsoli yoyote. Simu za skrini ya kugusa zilipowapa michezo midogo mkononi, nazo zina akselerometa ndani, wengi waliondoka kimyakimya. Wii U iliyofuata mwaka 2012 iliishia milioni 13.56.

Leo udhibiti kwa mwendo umesinyaa ukawa kitu kidogo, na kwa mtazamo wa mdogo wangu ndipo ulipokuwa mzuri. Yeye hajali bolingi. Anachotaka ni jairoskopu ya kulengea. Kwenye Splatoon, gemu la Nintendo la kulenga, kijiti kinakugeuza kwa haraka, halafu kiganja kinasahihisha shabaha kwa milimita chache, jambo ambalo kidole gumba hakiliwezi. Nilichukua wiki mbili kulizoea, na sasa nikipewa gemu la kulenga lisilo nalo najihisi nimevaa glavu nene. Joy-Con zinalo, DualShock 4 ya mwaka 2013 ilikuwa nalo, DualSense ya PlayStation 5 inalo. Kidhibiti cha kawaida cha Xbox hakina.

Ukosefu huo unaathiri hata wasio na Xbox. Mchapishaji anayetoa gemu moja kwa konsoli zote anajua kwamba sehemu ya wateja wake hawana jairoskopu, basi anabuni kwa vijiti, na mwendo anauongeza mwishoni akipenda. Fortnite iliongeza ulengaji mzuri wa jairoskopu mwaka 2022, na baadhi ya matoleo ya Call of Duty kwenye PlayStation yanao. Mengine mengi hayana, hata kwenye konsoli ambazo kihisi kimelala ndani ya kidhibiti kikisubiri. Ni hadithi ya Move inayojirudia, mara hii kwa kosa la kidhibiti cha jirani. Microsoft ingeweza kulimaliza tatizo hili kwa kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, na ninaiomba kwa dhati ifanye hivyo katika kidhibiti chake kijacho.

Nintendo inaonekana kukumbuka somo lake yenyewe. Ring Fit Adventure ya mwaka 2019 ilihitaji pete ya kubana na mkanda wa paja, vitu ambavyo hakuna mwenye Switch aliyekuwa navyo, lakini ikavitia ndani ya boksi la gemu lenyewe, kama ilivyofanya zamani na ubao wa mizani wa Wii Fit. Imeuza zaidi ya milioni 15. Nimeifanyia mazoezi asubuhi kwa miezi miwili; pete inapima nguvu ya kubana kwa usahihi, na mapaja yangu yanaamini. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, imekuja na Joy-Con unazoweza kuzilaza na kuzitelezesha juu ya meza kama kipanya cha kompyuta, tena ndani ya kila boksi. Kama wabunifu wataitumia vizuri ni mapema kusema, ila mlango umeachwa wazi kwa wote.

Kama unanunua leo na nyumbani kuna mtu asiyecheza, tafuta Wii iliyotumika yenye fimbo za jairoskopu ndani, pamoja na Wii Sports na Resort. Hakikisha upau wa taa upo, au andaa mishumaa yako. Kama unapenda dansi na una chumba kipana, Kinect ya Xbox 360 na Dance Central. Mwenye PlayStation 3 bado atafute Move kwa ajili ya mpira wa meza peke yake. Sixaxis, mwachie mkusanyaji. Anayelenga shabaha anunue chochote chenye jairoskopu, awashe mpangilio huo kwenye gemu, na asikate tamaa wiki ya kwanza.

Nimeshafunga vinne na kuvirudisha kabatini. Wii imebaki chini ya runinga, kwa sababu mama ana pointi 187 na anataka 200. Jumamosi iliyopita alibakiza pini moja kwenye zamu ya tisa, akalaumu betri, akaniagiza nyingine mbili.